Kampuni Haina Pua

Wewe uliyerithi dawati langu, nisikilize kwa sikio moja. La pili liachie simu, maana itaita, na atakayepiga atakuwa na haraka kuliko wewe. Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati la mafaili baada ya miaka mingi ya ukarani katika ofisi hii ya mawakili hapa Durban. Walikata keki, wakasema maneno mazuri, na hakuna aliyeuliza nilichokuwa nikifanya hasa. Vyeo sina vya kukusimulia: nilianza karani, nikamaliza karani mwenye kiti kizuri zaidi. Nitakusimulia shauri moja la mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa sababu ndani yake imo kazi yako yote, na kwa sababu bado linanichekesha, ingawa siku zile sikucheka.

Nilitoka Tanga nikiwa na cheti cha ukarani na viatu vya kubana. Bwana Reddy, mwenye ofisi, alinichukua kwa kuwa Wakongo na Watanzania walikuwa wameanza kujaa pale mapokezi na hakuna aliyewaelewa. Siku ya kwanza alinipa orodha ya kampuni nane, akaniambia niandike mbele ya kila moja mwenye mali ni nani. Nikaandika majina yaleyale ya kampuni, upande wa pili, kwa mwandiko mzuri sana. Kampuni inajimiliki yenyewe, nilidhani, kama paka.

Aliyeiona karatasi ile kwanza alikuwa Mzee Faraji, karani mkuu. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena, ili nipate muda wa kuaibika vizuri.

"Binti Tanga," akasema, "hawa wote wana pua?"

"Pua, mzee?"

"Pua. Ya kupiga chafya. Kampuni haina pua. Chora mstari kutoka kwenye kampuni mpaka ufike kwa mwenye pua. Ukikuta kampuni nyingine katikati, hujafika. Endelea."

Mzee Faraji alitoka Chatsworth, katika jamii ya Waislamu wanaoitwa Wazanzibari, ambao mababu zao waliletwa huku Natal kwa meli kutoka pwani za kaskazini. Serikali ya kibaguzi ilikuwa haijui iwaweke kwenye sanduku gani, ikawaandika kuwa ni Waasia wa aina nyingine, ikawahamishia Chatsworth pamoja na Wahindi. "Nililala Mwafrika nikaamka Mwasia," alipenda kusema. "Nywele hazikupata taarifa." Na kazi ya pua alifunzwa na serikali hiyohiyo. Sheria iliyogawa mji kwa rangi iligawa hata kampuni. Kampuni haina ngozi, kwa hiyo mkaguzi alikuja kuuliza nyuma yake wako nani, na nyuma ya hao wako nani, mpaka aipate rangi yake. Baba yake Bwana Reddy, aliyeanzisha ofisi hii, alimweka Faraji kijana achore mistari kabla mkaguzi hajafika. Alichora miaka ishirini na kitu. Serikali ile ilipoondoka, alibaki na ufundi usio na mteja.

Ndipo akaja Kasongo.

Kasongo alikuwa kinyozi kutoka Lubumbashi, mtu mrefu wa maneno mengi, aliyefanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja kule Jacobs ambako walitengeneza vifuniko vya bati. Mashine ya kubonyeza vifuniko ilikuwa mpya kutoka Amerika. Ilishuka mkono wake ukiwa bado ndani, ikaondoka na vidole vinne vya kulia. Alipokuja kwetu kidonda kilikuwa kimefunga.

"Mama Zuhura," aliniambia, "ile machine haikukuwa na kizuizi. Zingine zote mule usine ya vifuniko ziko na grille mbele, ukiingiza mkono inasimama. Ile, hapana. Nilimwambia chef mara tatu. Akasema ni modèle mpya, Wamerika wanajua."

"Na kunyoa je?"

"Nanyoa na wa kushoto. Clients wangu sasa ni wenye vipara tu. Wanakuja juu ya kunisalimia."

Tulicheka, kisha akainamisha kichwa. Hakutaka huruma. Alitaka watu wa kule mashine ilikotengenezwa waketi wasikilize jinsi ilivyotengenezwa, kisha waseme wazi nani alikosea, kwa sababu kiwandani walikwisha kuandika kwamba alikosea yeye.

Mwajiri wake hapa hakuweza kushtakiwa. Mfanyakazi aliyeumia kazini hupelekwa kwenye mfuko wa fidia, na mfuko una foleni yake. Lakini mtengenezaji alikuwa Amerika. Bwana Reddy akampata wakili wa huko, Bwana Dale, mtu mchangamfu aliyefungua shauri haraka katika mahakama ya shirikisho, yaani mahakama ya serikali kuu, badala ya mahakama ya jimbo lenye kile kiwanda cha mashine. Alikuwa na sababu. Mji ule mzima uliishi kwa kiwanda kile. Aliogopa kwamba wale raia kumi na wawili wanaokaa kuamua mashauri wangekuwa mashemeji wa mafundi.

Hapa nivumilie, si pagumu. Mahakama ya shirikisho ya Amerika haisikilizi kila ugomvi. Mlango mmoja wa kuingilia unasema hivi: watu wa upande huu wawe wa kwingine kabisa na watu wa upande ule, hawa wa jimbo moja na wale wa jimbo lingine, au raia wa nchi ya kigeni dhidi ya raia wa majimbo, na madai yazidi dola elfu sabini na tano. Mlango huo uliwekwa ili mgeni asionewe na wenyeji. Nia njema. Lakini hauendi kwa nia, unahesabu vichwa. Akipatikana mtu mmoja tu upande wa pili asiyefaa, umefungwa kwa wote.

Kazi yangu ilikuwa kumtafsiria Kasongo karatasi na kurudisha majibu kwa faksi. Swali la kwanza la Bwana Dale lilikuwa: mteja ni raia wa nchi gani? Nikajibu kwa kufuata pasipoti: Zaire. Wiki chache baadaye Zaire ikawa haipo. Bwana Dale akauliza tena, kwa herufi kubwa. Nikajibu Kongo. Akauliza Kongo ipi, maana kwenye ramani yake zilikuwa mbili. Nikamwita Kasongo.

"Mama, niko Zaïrois ao Congolais?"

"Wewe unasemaje?"

"Pays imebadilisha jina. Mimi sikubadilisha kitu. Andika ile wanapenda."

Nikaandika kwa kirefu, na mji mkuu wake juu. Usicheke, nusu ya kazi hii ni kumweleza mtu aliye mbali jambo ambalo jirani yako anajua bila kuambiwa. Mweleze kwa upole. Naye siku moja atakueleza theluji.

Miezi ikapita. Shauri likaenda vizuri mno, na hapo ndipo ungepaswa kushtuka nami sikushtuka. Mawakili wa mtengenezaji walikuwa watu wa adabu. Walijibu barua, walipanga tarehe, hawakupinga mahakama. Siku moja Bwana Dale akatuma nakala ya hati ya madai ili Kasongo aithibitishe, nami nikawa naitafsiri mstari kwa mstari. Mdaiwa, ilisema, ni kampuni iliyosajiliwa Delaware, makao yake makuu ni katika jimbo lile lenye kiwanda; kwa hiyo ni raia wa majimbo hayo mawili. Mwisho wa jina la kampuni kulikuwa na herufi tatu: LLC.

Nikampelekea Mzee Faraji, si kwa akili, bali kwa mazoea. Chochote chenye jina la kampuni kilipita kwake.

"Pua ziko wapi?" akauliza.

"Amesema sajili na makao makuu."

"Nimekuuliza pua, unaniletea anwani ya jengo."

Nikapiga simu Amerika. Bwana Dale alinichekea kwa wema. "Zuhura, kampuni ni kampuni. Unatazama iliposajiliwa na ilipo ofisi kuu. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua." Nikamshukuru. Kwa kuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza tunao hapa, nikapanda taxi kwenda Glenwood, kwenye maktaba ya sheria ya chuo. Juzuu za hukumu za Amerika zilikuwa rafu ya chini kabisa, pembeni ya ndoo ya kudekia, zikifika miezi kadhaa baada ya kuchapwa. Nilikaa sakafuni siku mbili. Mkutubi alinipitia kwa mwendo wa mtu anayezunguka maji yaliyomwagika.

Siku ya pili nikaipata hukumu ya rufani, ya karibuni. Majaji walisema wazi: shirika la hisa la kawaida, ndiyo, utatazama sajili na makao makuu. Lakini kampuni ya LLC ni kama ushirika wa watu. Uraia wake ni uraia wa kila mwanachama wake. Na mwanachama akiwa ni kampuni nyingine ya aina hiyo, utashuka kwa wanachama wa hiyo pia, mpaka chini.

Nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Mpaka chini! Majaji wa Amerika, katika majoho yao, walikuwa wamefika alikofika Mzee Faraji akitafuta rangi ya duka la vitambaa.

Nilipomsomea, hakufurahi nilivyotarajia. "Kwa hiyo na wao," akasema, akarudi kwenye mafaili yake.

Nikatuma nakala kwa faksi, kurasa kumi na moja. Bwana Dale alijibu baada ya siku tatu kwamba mahakama nyingine bado hazijasema hivyo, lakini angewauliza wapinzani kwa maandishi wanachama ni nani, ili kuniridhisha. Wapinzani walichukua siku zote walizoruhusiwa. Jibu lilikuwa mistari mitatu. Ndugu wawili, wakaazi na raia wa jimbo lile. Na mwanachama wa tatu, LLC nyingine, yenye mwanachama mmoja peke yake, mhandisi wa Kimarekani. Chini ya jina lake kulikuwa na anwani ya Glenwood, Durban.

Nilikuwa nimepita mbele ya nyumba yake mara nne nikienda na kurudi maktaba.

Bwana Dale alipiga simu kabla sijamaliza kusoma. Alikuwa na furaha. "Tumepona! Ni Mmarekani! Mdai mgeni, wadaiwa wote Wamarekani. Safi kabisa."

"Anaishi hapa, Bwana Dale."

"Aishi mwezini. Ana pasipoti."

Hapa ndipo fundo lilipo, mwenzangu, usome polepole. Mlango ule hautaki Mmarekani. Unataka raia wa jimbo. Ili uwe raia wa jimbo, uwe raia wa Amerika na makazi yako ya kudumu yawe katika jimbo mojawapo: pale ulipo na unapokusudia kubaki. Mmarekani aliyehamia Durban moja kwa moja hana jimbo. Si mgeni pia, kwa sababu ni raia wa Amerika. Mahakama inatafuta sanduku la kumweka, haipati. Na yeye akiwa ndani ya kampuni, kampuni nzima inakosa sanduku, na shauri la Kasongo linatupwa nje. Tena laweza kutupwa wakati wowote, hata baada ya hukumu, hata kama pande zote mbili zinaipenda mahakama ile. Makubaliano hayaipi mahakama uwezo ambao haina.

Sasa kumbuka adabu ya wale mawakili wa mtengenezaji. Wao walijua wanachama wao tangu siku ya kwanza. Wakishinda, wanyamaze. Wakishindwa, wavute karatasi mfukoni: samahani, mheshimiwa, kuna bwana mmoja Glenwood. Na muda wa kufungua shauri upya katika mahakama ya jimbo ulikuwa miaka miwili tangu ajali. Zilibaki wiki tano. Zikipita, Kasongo asingekuwa na mlango wowote duniani, na maandishi ya kiwandani kwamba alikosea yeye yangekuwa neno la mwisho.

Kwa hiyo tulihitaji kujua jambo moja: yule mhandisi alikusudia kubaki? Bwana Reddy alimwandikia barua rasmi, akasema sisi ni wa upande gani na tunataka nini; mtu wa upande wa pili huwezi kumwendea kinyemela. Mawakili wake wangemkataza kutujibu, lakini hakuwauliza. Alituandikia tuje kunywa chai.

Nyumba ilikuwa kubwa, ya zamani, vyumba vya nyuma amepangisha wanafunzi. Mhandisi alikuwa mzee mwekundu wa jua, mwenye kaptula na mbwa wawili. Alikuja miaka mingi nyuma kufunga mashine za viwandani kule Jacobs, akaoa hapa, hakuondoka. Ile ya Kasongo aliifunga yeye mwenyewe.

"Nasikitika juu ya yule jamaa," alisema. "Niliwaandikia kule kwamba haina kizuizi. Wakasema kitakuja na shehena ijayo."

Bwana Reddy akaweka kikombe chini taratibu sana. Nami nikaandika neno kwa neno.

Kisha nikauliza maswali yangu. Una nyumba Amerika? Hapana, aliuza. Unapiga kura huko? Hajapiga tangu alipooa. Hati ya kukaa hapa? Ya kudumu, ipo kwenye fremu ukutani. Unakusudia kurudi?

"Mama, kurudi wapi? Nimenunua kaburi kando ya la mke wangu." Akanyoosha kifua. "Lakini andika kwamba mimi ni Mmarekani mpaka kufa. Hilo hakuna mtu wa kuniondolea."

Nikaliandika. Ndilo lililomaliza mambo: Mmarekani mpaka kufa, na kufa kwenyewe Durban. Aliapa mbele ya kamishna wa viapo, akasaini kwa madaha.

Kasongo alikuja kesho yake kuuliza hali. Nikamweleza kwa utulivu, nikachora masanduku: hili la raia wa majimbo, hili la wageni, na huyu bwana amesimama katikati bila sanduku. Akaugeuza mchoro kwa mkono wa kushoto.

"Ngoja, Mama. Mimi réfugié, mkimbizi. Karatasi yangu ni ya miezi mitatu-mitatu. Napanga foleni asubuhi-asubuhi na mvua. Na korti ya Amerika inasema mimi niko na kwetu?"

"Ndiyo. Wewe ni raia wa Kongo. Sawasawa kabisa."

"Na ule muzungu wa passeport..."

"Hana kwao. Kwa mahakama ile tu."

Akaanza kucheka, akapiga meza kwa mkono usio na vidole, mpaka Mzee Faraji akatoa kichwa kwenye mafaili kuuliza nini kimevunjika. "Eish! Mpeleke na yeye akapange foleni!" Kisha kicheko kikaisha. "Na mimi sasa? Nimeshinda kuwa na pays, na dossier imekufa?"

"Haijafa. Tunaihamisha."

Bwana Dale ndiye alikuwa mgumu kuhama. Hakukubali mpaka aliposoma kiapo, na hata hapo aliniuliza kama mhandisi hawezi kuwa na kumbukumbu nzuri za jimbo lake. Nikamwambia kumbukumbu anazo, kaburi analo hapa. Tulimpigia kila jioni yetu, asubuhi yake, Bwana Reddy na mimi kwa zamu, tukimtia moyo kama mtu anayejifunza kuogelea. Alifungua shauri upya katika mahakama ya jimbo zikiwa zimebaki siku sita, akaliondoa lile la shirikisho. Wapinzani, walipopata hati, walituma barua fupi isiyo na adabu hata kidogo. Ilikuwa barua yao ya kwanza niliyoiamini.

Na wale raia kumi na wawili wa mji wa mashine, wale mashemeji? Kasongo alisafiri kwa kibali maalumu, akaonyesha mkono. Barua ya yule mhandisi kwa watengenezaji kuhusu kizuizi ilitafutwa, ikapatikana. Watatu kati ya wale waamuzi waliwahi kufanya kazi na mashine za aina ile. Mahakama iliwaruhusu kuandika maswali yao kwenye karatasi, na mmoja wao, mwanamke, aliandika swali ambalo wakili msomi asingeliwaza: nani aliipakia ikatoka langoni bila grili? Wakaamua kwamba kosa ni la mtengenezaji. Wageni hawakuhitaji kulindwa dhidi ya wenyeji wale. Waliosema wazi nani alikosea walikuwa wao.

Kasongo alirudi na nakala ya uamuzi, akaomba nimtafsirie sentensi moja tu, ile inayosema kosa halikuwa lake. Akaikata kwa mkasi, kwa mkono wa kushoto, vizuri kabisa, akaibandika saluni juu ya kioo. Mzee Faraji alikwenda kunyolewa pale, wa kwanza mwenye nywele. Alirudi amechongoka upande mmoja, na hakuruhusu mtu aseme neno.

Basi, dawati ni lako. Kesho asubuhi, kabla ya chai, chukua faili la kwanza lenye jina la kampuni na karatasi tupu. Andika jina hilo juu. Teremsha mstari kwa kila mwanachama. Ukikuta kampuni, teremsha tena. Mstari ukifika kwa mtu, andika pembeni yake ni raia wa wapi, analala wapi, na anakusudia kuzikwa wapi. Usisaini chochote mpaka kila mstari uwe na pua.